Spindeli ya CNC haisikii amri ya S, VFD imeganda 120 Hz. Msaada wakuu

seremala_keko
Wakuu habari za jioni. Naomba macho yenu kabla sijatupa hela.

Nina CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya kujiundia, meza futi nne kwa nne, kazi yake kubwa ni paneli za milango ya mninga na mkongo. Ubongo ni Arduino Uno na juu yake CNC Shield V3, programu ni GRBL 1.1h, kompyuta inatuma kazi kwa kutumia programu ya UGS. Spindeli, yaani mota inayozungusha biti, ni ya kilowati 2.2, inapozwa na feni, mwisho wake ni mizunguko 24000 kwa dakika. VFD, kifaa kinachoongoza kasi ya spindeli kwa kubadilisha masafa ya umeme (Hz), ni Huanyang ya 220V.

Siku zote kasi nilikuwa naipanga kwa nobu ya VFD, haina neno. Shida ni kwamba mlango mmoja unapita biti tatu, na kila moja inataka kasi yake. Nikisahau kugeuza nobu, mninga unaungua, moshi karakana nzima. Nikaona bora GRBL ipange yenyewe kwa S, amri ya kasi. Nikanunua ile moduli ya kugeuza PWM (mapigo ya umeme yanayobeba amri ya kasi) kuwa volti 0 hadi 10. PWM nimetoa kwenye pini iliyoandikwa SpnEn, ikaingia kwenye moduli, moduli ikaenda VI na ACM, terminali za VFD zinazopokea volti za kasi. Kwenye mipangilio ya VFD, PD001 nimeweka 1, PD002 nimeweka 1, PD070 iko 0. FOR na DCM, terminali za kuamuru VFD ikimbie, nimeziunga kwa swichi ya mkono.

Sasa naandika M3 S12000 (washa, mizunguko 12000), VFD inaonyesha 120.0. M3 S24000, 120.0. Hata M5 ya kuzima, 120.0 na spindeli inazunguka tu! Fundi mmoja kaja kuangalia, kasema VI imekufa, ninunue VFD nyingine. Kweli jamani?

bwana_fyuzi
Pole mkuu. VFD ikishakula vumbi la mbao ndio basi tena. Nunua nyingine, hiyo niuzie mimi kwa bei ya skrepa 😂

mzee_wa_volti
Usimuuzie mtu kitu. VFD iliyokufa haionyeshi 120.0 iliyotulia namna hiyo. Hiyo namba inatoka PD011, masafa ya chini kabisa ambayo VFD imeruhusiwa kushuka. Spindeli za feni huwekewa 120 kwa sababu feni imekaa kwenye shafti ileile ya mota. Ukiizungusha polepole na feni inapuliza polepole, mota inapikika. Kwa hiyo VFD yako imeambiwa ikimbie, ikaangalia VI haikuona volti, ikakaa kwenye sakafu yake. Na ndiyo maana M5 haizimi. M5 inashusha volti za VI tu, swichi yako ya FOR bado imefungwa. Hilo tutalirudia, maana ni la hatari kuliko hilo la kwanza.

Kwanza tuikate mashine nusu kwa nusu. Toa biti. Zima VFD, subiri taa zake zizimike kabisa, maana kapasita za ndani hubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa mkononi. Chomoa waya wa moduli kwenye VI, kisha unga kipande cha waya kutoka terminali ya 10V hadi VI. Washa, funga FOR. Ikipanda hadi 400, VFD ni nzima na ugonjwa uko upande wa Arduino. Ikibaki 120, kwanza angalia PD072, masafa ya volti 10: kama bado ni 50 ya kiwandani, iweke 400. Ikiendelea kubaki 120, tafuta jampa ya VR na VI karibu na terminali, baadhi ya matoleo wanayo.

Ya pili, chukua mita, weka DC, pima kati ya SpnEn na GND ukiwa umetuma M3 S1000. Pima mara mbili: moduli ikiwa imeungwa, na ikiwa imechomolewa. Lete namba, siyo maneno.

seremala_keko
Mzee shikamoo. Nimefanya.

Waya wa 10V kwenda VI: imepanda hadi 400.0 bila kusita. Kwa hiyo fundi wangu alitaka kuniuzia VFD yake 🙄

SpnEn: moduli ikiwa imeungwa naona kama volti 1. Nikichomoa inapanda karibu 5. Nikirudisha inarudi 1. Nimetuma S100, S1000, M5, haisogei.

mzee_wa_volti
Marahaba. Umepima vizuri, na jibu liko hapo.

Pini ya kutoa amri haishuki kutoka 5 hadi 1 kwa sababu ya mzigo mdogo wa moduli. Inayoshuka hivyo ni pini ya kupokea, ambayo Uno imeishikilia juu kwa rezista dhaifu ya ndani. Taa ya optokapla (kiungo kinachopitisha ishara kwa mwanga) ya moduli inainyonya hadi volti moja basi. Maana yake umeunga kwenye pini inayosikiliza, wewe ukadhani inasema.

CNC Shield V3 imechapwa kwa mpangilio wa GRBL ya zamani, ya 0.8. Wakati ule pini D12 ya Uno ilikuwa ya kuwasha spindeli, na D11 ilikuwa swichi ya mwisho ya Z. Ilipokuja kasi ya kubadilika, wakahitaji pini yenye PWM ya maunzi, na kwenye Uno D12 haina, D11 inayo. Wakazibadilisha nafasi. Bodi za juu zinaendelea kuuzwa na maandishi yaleyale. Kwa hiyo kwa GRBL 1.1:

D11, iliyoandikwa Z+ na Z- upande wa swichi za mwisho, ndiyo PWM ya spindeli.
D12, iliyoandikwa SpnEn, ndiyo swichi ya mwisho ya Z.
D13, SpnDir, ni mwelekeo.

Hamisha waya uende Z+ au Z-, zote mbili ni pini moja. Angalia usichukue ile ya GND iliyo safu ya pembeni. Swichi ya Z kama unayo, ipeleke SpnEn. Bahati yako nadhani $21, mpangilio wa GRBL wa swichi za mwisho, iko 0, vinginevyo ungepigwa ALARM:1 kila mara.

mtambo254
Hii ya D11 na D12 imemaliza watu wengi hapa Nairobi, bana. Mimi nilipiga picha ya bodi, nikaandika majina mapya na kalamu ya maka, nikabandika kwenye ukuta.

seremala_keko
$21 ni 0 kweli, swichi zangu bado ziko kwenye boksi.

Nimehamisha. Sasa kuna uhai, lakini uhai wenyewe wa ajabu. M3 S12000 inaonyesha 300. S24000, 300. S8000, 300. Nikajaribu kwa hasira S500, ikashuka 200! M5 inarudi 120. Sielewi inahesabu nini.

mtambo254
Mkuu tuma $$, GRBL itaorodhesha mipangilio yake, halafu usome mstari wa $30.

seremala_keko
$30=1000
$31=0
$32=0

mtambo254
Basi. GRBL haijui spindeli yako ni ya 24000. Inaamini mwisho wa dunia ni 1000, ndivyo inavyokuja. Chochote ukiandika juu ya 1000 inatoa PWM yote. Ukiandika 500 inatoa nusu, volti 5, na nusu ya 400 ni 200. VFD yako imetii vizuri kabisa. Andika:

$30=24000

Na usiangalie ile FS kwenye UGS ukadhani ni kipimo. Hiyo ni kasi uliyoamuru, haina habari na kinachozunguka mezani. Uno haina jicho la kuona spindeli.

seremala_keko
Imekubali! S6000 inakaa 120 (naelewa, sakafu), S12000 ni 200, S15000 ni 250. Lakini kutoka S18000 kwenda juu yote ni 300. S20000, 300. S24000, 300. Nimezungusha ile skrubu ndogo ya marekebisho kwenye moduli, juu haipandi, ila chini ndio inaharibika, S12000 ikawa 230. Nimeirudisha.

binti_saketi
Kaka, hiyo skrubu iache kwanza. Kama chini ni sahihi na juu kumekatwa, marekebisho hayahusiki. Moduli imeishiwa volti za kutoa. Unailisha kwa nini?

seremala_keko
Adapta ya ruta ya zamani dada, ya volti 9.

binti_saketi
Soma maandishi kwenye chipu ndogo ya miguu minane. Nina hakika karibu yote utakuta LM358. Hiyo chipu haifiki kwenye volti za chakula chake, inaishia kama volti moja na nusu chini yake. Ukiipa 9 inatoa 7.5 basi. Na 7.5 ya 10 kwa VFD ya 400 ni 300. Namba yako ileile.

Moduli hizi zinataka 12 hadi 30. Ipe 12 angalau, au chukua 24 kutoka pawasaplai ya stepa zako. Ukimaliza tuma M3 S12000, weka mita kati ya VI na ACM, zungusha skrubu hadi usome 5.00. Kurekebisha katikati ni bora kuliko kurekebisha juu, kwa sababu ukiwa juu kabisa huwezi kujua kama umefika au umekwama.

seremala_keko
LM358 kweli, nimeisoma kwa tochi ya simu. Nimeipa 24. S12000 ilisoma 5.2, nimeishusha 5.00. S24000 sasa 400.0, S18000 ni 300. Dada Mungu akubariki.

spindeli_salama
Hongera mkuu. Ushauri wa bure: weka $31=7200 ili GRBL isiweze kamwe kuomba chini ya uwezo wa feni. Mizunguko 7200 ndiyo 120 Hz ya VFD yako. Ulinzi mara mbili.

seremala_keko
Nimeweka $31=7200, mambo yameharibika tena. S12000 sasa ni 120! S18000 ni kama 257. S24000 ndio iko sawa 400. Nimeirudisha 0 kwanza. Kwa nini?

mzee_wa_volti
Hapa tukae kidogo, maana wengi hupita wakidhani $31 ni kizuizi. Ni kizuizi, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kuwa ncha ya chini ya mstari. GRBL inachukua $31 na kuipa PWM ndogo kuliko zote, inachukua $30 na kuipa PWM yote, kisha inachora mstari ulionyooka kati yao. Ukiweka $31=0, nusu ya 24000 ni nusu ya PWM. Ukiweka $31=7200, mstari unaanza 7200.

Piga hesabu ya S12000. Toa 7200 unabaki na 4800. Upana wa mstari ni 24000 toa 7200, yaani 16800. Gawanya 4800 kwa 16800 unapata 0.286. Moduli inatoa volti 2.86. VFD haijui habari za 7200. Yenyewe inasoma 0 volti ni 0 Hz na 10 volti ni 400 Hz, kwa hiyo 2.86 kwake ni 114 Hz. 114 iko chini ya PD011, inakupandisha 120. Ndiyo uliyoiona. Kwa S18000 ni 10800 kwa 16800, 0.643, mara 400 ni 257. Umesoma 257. Mashine imehesabu bila kosa, ila pande mbili zinatumia rula mbili.

Kwa hiyo una njia mbili na usizichanganye.

Ya kwanza: $31=0, $30=24000, na kwenye VFD PD073=0, PD072=400. Ulinzi wa chini uachie PD011=120. Ukiandika S5000 utapata 7200, hakuna madhara.

Ya pili: $31=7200, $30=24000, na PD073=120, PD072=400. PD073 ndiyo masafa ya volti sifuri. Hapo 2.86 inakuwa 120 jumlisha 0.286 mara 280, sawasawa 200 Hz, yaani 12000. Faida yake ni ngazi: PWM ya Uno hapa ina ngazi 255 tu, na ukizitandaza juu ya 16800 badala ya 24000 kila ngazi inakuwa ndogo, kama mizunguko 66. Kwa mbao hutaona tofauti yoyote. Mimi natumia ya kwanza, mtu mwingine akija kuishika mashine anaelewa haraka.

spindeli_salama
Sawa mzee, mimi kwangu PD073 iko 120 tangu zamani ndiyo maana sikuliona hilo.

maalim_nakshi
Assalaam alaykum. Niko Unguja, nachonga milango kwa mkono na sasa kwa mashine. Ndugu seremala, umesema mninga unaungua. Kasi ya spindeli ni nusu ya habari, usije ukaimaliza hii ukadhani moshi umekwisha. Unakata kwa mwendo gani?

seremala_keko
Waalaykum salaam. Biti ya milimita 6, meno mawili, mwendo 1200 kwa dakika, kasi ilikuwa 24000 muda wote.

maalim_nakshi
Ndipo penye moto. 1200 gawa kwa 24000, gawa kwa meno mawili, kila jino linakata milimita 0.025. Hilo halikati, linasugua, na kwa mti mgumu linapika. Kwa biti ya milimita 6 mimi nataka karibu 0.1 kwa jino kama fremu inavumilia. Shusha 12000, panda mwendo hadi 2400: 12000 mara 2 mara 0.1. Kama mashine inatetemeka punguza kina cha kukata kabla ya kupunguza mwendo. Shika unga unaotoka: ukiwa vipande vidogo vya mbao, heri, ukiwa vumbi laini la moto, biti yako inakufa.

Ile ya V kwa nakshi nyembamba niachie juu, 18000 na kuendelea, maana ncha yake ni ndogo na hapo katikati haina kasi hata ukifanyaje.

seremala_keko
Nimejaribu kwenye kipande cha mkongo. S12000, 2400, kina milimita 2. Vipande vinaruka, hakuna harufu. Ahsante maalim.

mzee_wa_volti
Sasa ile ya M5 niliyoahidi. Usiridhike na ilivyo. Faili likiisha, M5 ikitumwa, spindeli yako bado inazunguka 7200, na mtu anaweza kuweka mkono akidhani imezimwa kwa sababu skrini imesema imezimwa. Lazima M5 ifungue FOR.

Kwenye GRBL ya kawaida D13 ni mwelekeo, kwa M3 inakaa chini, haikufai. Fungua config.h, faili la mipangilio ndani ya msimbo wa GRBL, tafuta mstari wa USE_SPINDLE_DIR_AS_ENABLE_PIN, ondoa mikwaju miwili mbele yake, kompaili upya, pakia. Hapo D13 inapanda kwa M3 na kushuka kwa M5. Utapoteza M4, lakini huna kazi ya kuzungusha biti kinyume. D13 iendeshe moduli ya relei, na mguso wa relei ukae kati ya FOR na DCM.

Mambo mawili kuhusu relei. Nyingi za bei nafuu zinawaka pini ikiwa chini, yaani kinyume. Tafuta yenye jampa ya H na L, weka H. La pili, D13 ndiyo ina ile taa ya Uno, na kila Uno inapoanza au UGS inapounganisha, programu ya kuanzia huikonyeza. Utasikia relei ikipiga tak-tak. Kwa muda huo mfupi VFD inapokea amri ya kukimbia. Kwa hiyo ile swichi yako ya mkono usiitupe, iache mfululizo na relei, na usiifunge mpaka kompyuta iwe imeshaunganika. Hapohapo mfululizo ongeza kitufe chekundu cha dharura.

seremala_keko
Nimekompaili na imekubali. Relei imepiga tak-tak kama ulivyosema, nilikuwa nimeshajiandaa. M5 sasa inasimamisha kabisa.

Jambo jipya: spindeli ikipanda juu ya 300 Hz hivi, UGS inakatika, Uno inapotea kwenye USB. Kwa nobu haikuwahi.

binti_saketi
Zamani hukuwa na waya unaounganisha VFD na Uno. Sasa umewajengea barabara, makelele ya umeme yanapita. Kebo ya spindeli ni ya aina gani, na inapita wapi?

seremala_keko
Waya wa kawaida wa nyaya nne, uko kwenye mnyororo mmoja na nyaya za stepa na ule wa moduli.

binti_saketi
Vitenganishe leo. Kebo ya spindeli iwe yenye wavu wa shaba, na wavu uungwe ethi upande wa VFD. Waya wa VI na ACM nao uwe wa wavu, mfupi, mbali na huo mwingine. Vikilazimika kukutana vipishane kama msalaba, visilale sambamba. Kisha pima kwa mita, VFD imezimwa na plagi imechomolewa: pini ya nne ya soketi ya spindeli na mwili wa spindeli. Nyingi za bei nafuu hiyo pini haijaunganishwa na kitu, mwili hauna ethi kabisa. Kama yako ni hivyo, unga waya wa ethi kwenye mwili. Hilo siyo la makelele tu, ni la uhai wako. Na waya wa USB uwe mfupi.

Hapohapo onyo: usichomoe wala kuchomeka soketi ya spindeli VFD ikiwa inaendesha. Hapo ndipo VFD inakufa kweli.

mota_775
Samahani kuingilia uzi. Mimi nina CNC ndogo ya 3018, mota ya 775 ya volti 24. Inazunguka vizuri ikikata, lakini kila biti ikinyanyuka kuhamia sehemu nyingine mota inazima, ikirudi kukata inawaka. Biti mbili zimeshavunjika. Pia kwenye S ndogo inalia kama mbu.

mtambo254
Ulifunga leza hivi karibuni?

mota_775
Ndiyo, nimeitoa wiki iliyopita.

mtambo254
$32=0. Ukiwa na $32=1 GRBL inadhani bado una leza, na leza haifai kuwaka kwenye G0 (amri ya kuhama bila kukata), kwa hiyo inazima kila ikihama. Tena haisubiri spindeli. Sauti ya mbu ni PWM yenyewe, iko karibu 1 kHz, sikio linaisikia. Haina ubaya.

mota_775
Duh, imepona. $32 tu!

fundi_mgeni
Na mimi kidogo. VFD aina hiyohiyo, nikibonyeza ionyeshe mizunguko badala ya Hz inaishia 11520. Spindeli ya 24000. Nimeibiwa nusu?

mzee_wa_volti
Hujaibiwa. Skrini inahesabu kutoka PD144, kasi ya mota kwa 50 Hz, ambayo inakuja 1440. Zidisha 1440 kwa 400, gawa kwa 50: 11520. Spindeli yako ni ya ncha mbili za sumaku, weka PD143=2 na PD144=3000, itaandika 24000. Mota haitabadilika chochote, ni maandishi. Ukitaka ukweli nunua takometa ya mwanga, bandika kipande cha karatasi ya kung'aa kwenye nati ya koleti.

Ukiwa humo hakikisha PD004 na PD005 (masafa ya msingi na ya mwisho) ni 400. PD004 ikiwa 50, VFD inamwaga volti zote kwenye masafa ya chini na spindeli inaungua kabla hujajua nini kimetokea. Ukigusa PD013 ukaipa 8 kila kitu kinarudi kiwandani pamoja na hizo, kwa hiyo andika namba zako kwenye karatasi kwanza.

seremala_keko
Mrejesho. Nimetenganisha nyaya, nimeweka kebo ya wavu, pini ya nne ilikuwa hewani kweli, nimeunga ethi kwenye mwili. Mlango mzima umeisha, biti tatu, USB haikukatika.

Kwa atakayekuja baadaye, hivi ndivyo ilivyo sasa: PWM iko Z+, $30=24000, $31=0, $32=0, moduli inakula 24V, 5.00 kwa S12000, PD001=1, PD002=1, PD070=0, PD072=400, PD073=0, PD011=120, relei kwenye D13.

mtambo254
Fiti sana. Swali kwa mzee: kuna njia ya kuruka hii moduli kabisa? VFD ina RS485 (mawasiliano ya data kwa nyaya mbili) pale chini.

mzee_wa_volti
Ipo, ila siyo kwa Uno na GRBL ya kawaida. Chukua bodi ya ESP32 na programu ya FluidNC pamoja na moduli ya RS485, ndani yake Huanyang imeshaandikwa. Kumbuka hawa wana lugha yao, siyo Modbus (lugha ya kawaida ya mashine kwenye RS485), kwa hiyo chagua Huanyang kwa jina, usichague VFD nyingine ukidhani itafanana. Kwenye VFD weka PD001=2, PD002=2, PD163=1, PD164=1, PD165=3. Hapo kasi inakwenda kama namba, hakuna volti ya kurekebisha, na mashine inaweza kuiuliza VFD imefika ngapi kabla ya kuanza kukata. Waya wa A na B ukikataa, vibadilishane kabla ya kulaumu kitu kingine.